Kwa Huguette Toutain, Fundi wa Zumari, Ambaye Hakupoteza Kitu

Mama, mwaka umetimia tangu asubuhi ile ya tarehe kumi na nane Oktoba ulipotuacha, kitandani mwako katika chumba cha chini, dirisha likiwa wazi kwa sababu hukutaka kulala limefungwa hata baridi iwe kali namna gani. Tulidhani mwaka ungetosha kutuzoesha. Haukutosha.

Watu wa kijiji chetu cha La Couture wanakukumbuka kwa kazi yako, na sisi pia. Ulikalia benchi lile tangu ukiwa msichana wa miaka kumi na sita, kwanza chini ya babu yetu mzee Toutain, kisha pamoja na Baba, kisha peke yako Baba alipofariki. Zumari, klarineti, filimbi: zililetwa kwako zimepasuka, vibonyezo vimeshikana kwa kutu, nyingine zimekaa darini miaka hamsini na panya wamezalia ndani ya kasha. Zote ulizipokea kwa maneno yale yale: "Haya, tuone mgonjwa ana nini."

Hukuvuta sigara hata moja maishani, lakini muuza tumbaku alikujua kuliko wavutaji wake, maana kila mwezi ulinunua karatasi zile nyembamba za kusokotea. Ulizikata vipande, ukachomeka kimoja chini ya kizibo cha ngozi, ukabonyeza, ukavuta taratibu. Karatasi ikiteleza, hewa inapita, na kazi inaanza upya. Baada ya hapo uliziba matundu yote kwa vidole, ukanyonya hewa kwa juu, ukaachia mkono, na kipande cha zumari kikabaki kinaning'inia kwenye mdomo wako bila kushikwa. Tulipokuwa wadogo tulikuja na watoto wa jirani kukutazama. Mwanao Didier alijaribu siku moja, mdomo ukamvimba siku tatu. Ulimwangalia ukamwambia, "Sasa unafaa kupiga tarumbeta."

Ulipaka mafuta ya lozi kwenye mbao kwa unyoya wa bata, ukisema mpingo umetoka nchi ya joto, unastahili kubembelezwa. Viganja vyako vilinukia lozi hata kanisani.

Lakini mwaka huu hatukuandikii ili kukusifu tu. Liko jambo ambalo tulipaswa kulisema ukiwa hai, na hatukulisema. Tulipokaa kuandika tangazo hili, Didier alimsogezea dada yake karatasi.

"Wewe ndiye uliyempigia simu mnunuzi. Shika kalamu."

"Na wewe ndiye uliyebeba makasha," Josiane akamjibu.

"Sikatai. Andika hilo pia."

Basi ameandika.

Ilikuwa mwezi Februari, mwaka ule wa barafu nyingi, ulipoteleza kwenye kizingiti cha karakana ukavunjika nyonga. Ulipelekwa hospitali ya Évreux, na ukiwa huko nimonia ikakushika. Kwa wiki tatu tulikuja na kuondoka bila kujua kama ungetutambua. Daktari alimweleza Josiane kwamba ukirudi nyumbani, ngazi hutaziweza tena. Chumba chako kilikuwa juu. Chini palikuwa na jiko tu na karakana.

Josiane, mwanao wa kwanza, tangu utotoni hajaweza kuona tatizo bila kutaka limalizike kabla ya chakula cha mchana. Unamjua. Jioni ile ile alimwambia mdogo wake kwamba karakana itakuwa chumba cha kulala.

"Tumuulize kwanza," Didier akasema.

"Tumuulize nini? Anapumua kwa mashine, wewe unataka nikamwambie habari za kerezo?"

"Akijua ataniua."

"Akipata nguvu ya kukuua, mimi nitapiga makofi."

Walicheka. Ndiyo, Mama, walicheka. Walikuwa na hofu, na kupanga kitu kuliwapunguzia hofu.

Mnunuzi wa vitu vya kale alifika kutoka Dreux siku ya Jumamosi, na gari kubwa na wanaume wawili. Waliondoka na kerezo, ile mashine ya kuchongea mbao, na jiliwa na tupa zote. Waliondoka na vigogo vya mpingo ambavyo Baba alivinunua kabla Didier hajazaliwa na kuviacha vikauke darini mwaka baada ya mwaka. Waliondoka na vile vyuma virefu vya kupanulia tundu la ndani, alivyovinoa Baba kwa mkono wake, kila kimoja na namba yake. Josiane hakuijua thamani yake. Kwake vilikuwa vyuma vya zamani. Hakujua kwamba sauti ya zumari za Toutain ilikuwa humo, na kwamba ukivitoa vile, sauti ile haipatikani kwingine.

Kwenye rafu ya juu ya dirisha, kati ya vipande vya majaribio na vilivyoharibika, palikuwa na kipande kimoja kilichozungushiwa uzi mwembamba, gundi ikikauka kwenye ufa wake. Mnunuzi aliuliza, "Na hivi vya mbao huku juu?"

Josiane alikuwa anapima dirisha kwa ajili ya mapazia. Alijibu bila kugeuka.

"Chukua vyote."

Kisha tulipaka rangi. Tulipiga deki mara mbili. Josiane alishona mapazia yenye maua ya bluu, maua uliyoyapenda, na Didier akafunga taa ya kusomea karibu na mto. Tulisimama mlangoni tukaona tumefanya kitu kizuri.

Ulirudi mwezi wa Mei, umekonda, unashikilia fremu ya kutembelea. Ulifika mlangoni ukasimama. Uliangalia ukuta mmoja, kisha mwingine, kisha sakafu. Josiane alikuwa nyuma yako akisubiri, na atakuambia leo alichokuwa akisubiri: alikuwa akisubiri kushukuriwa.

"Mmefagia vizuri," ulisema.

Hukulia, na hukuuliza mashine ilikwenda wapi. Uliinua macho mahali palipokuwa na rafu. "Kipande cha Bwana Fauquet mmekiweka wapi?"

"Kipande gani, Mama?"

Ukakaa kitandani, polepole, kama mtu anayekaa kwenye gari la wengine.

Bwana Anselme Fauquet wa Ivry, tarishi mstaafu, ndiye aliyekuwa akipiga zumari katika bendi ya kule. Ile zumari ilikuwa ya kaka yake Rémi, aliyepelekwa vitani Algeria akiwa na miaka ishirini na moja na hakurudi. Kipande cha katikati kilipopasuka, watu walimshauri aipeleke Paris. Alikataa. Alikuletea wewe. Kipande cha juu na kile cha mwisho chenye mdomo mpana vilikuwa salama ndani ya kasha, kwenye kabati la jikoni ulikoweka vitu vya wateja. Cha katikati kilikuwa rafuni kwa sababu gundi ilihitaji siku chache.

Josiane alimpigia mnunuzi siku ile ile. "Vile vyeusi?" mnunuzi akasema. "Niliviuza kwa fungu, mama yangu. Kuna jamaa kule Bretagne anavitengenezea taa za mezani. Vinapendwa sana."

Didier aliendesha gari saa tano kwenda na saa tano kurudi. Aliinua kila taa katika duka lile, akapindua, akachungulia. Vipande vya watu wengi vilikuwa pale, vimetobolewa, waya umepita ndani. Cha Rémi Fauquet hakikuwepo. Labda kilikwisha kuuzwa. Labda hakikufika pale kabisa. Hatukujua, na hatutajua.

Ulimwambia Josiane akupeleke Ivry. Njiani alikuambia kwamba yeye na Didier watamlipa Bwana Fauquet chochote atakachotaka. Ulisema, "Nyamaza uendeshe."

Bwana Fauquet alifungua mlango mwenyewe, uso wote ukicheka. "Huguette! Umefufuka! Ingia, keti, kahawa ipo. Haya niambie, kimekauka?"

Hukuketi. Ulisimama na fremu yako katikati ya jiko lake. "Bwana Anselme, kipande chako nimekipoteza."

"Umekipoteza vipi?"

"Nimekipoteza. Ulinipa mkononi, na mkononi sina. Nitakutengenezea kingine."

Alikuangalia wewe, kisha akamwangalia Josiane. Josiane alikuwa ameshika mkoba wako. Ukutani palikuwa na kalenda ya posta yenye picha ya paka wawili ndani ya kikapu, naye aliwatazama paka wale kana kwamba ametumwa kuwahesabu madoa. Sentensi ilikuwa tayari, fupi tu: si yeye, ni sisi. Hakuitoa.

"Kingine," Bwana Fauquet alisema mwishoni. "Rémi hakuweka vidole vyake kwenye kingine."

Ndani ya gari Josiane alipata sauti. "Kwa nini umesema hivyo, Mama?"

"Nilitaka niseme nini? Kwamba nimelala hospitali, wanangu wameuza vitu vya mteja?"

"Ungesema ukweli."

"Ungeusema wewe. Mdomo ulikuwa nao."

Na hamkuongea juu ya hilo tena kamwe.

Habari ilifika La Couture kabla ya Jumapili. Ivry si mbali, na zumari ya Rémi Fauquet ilijulikana kwa kila mtu anayepuliza kitu katika bonde la mto Eure. Josiane alikuwa kwenye foleni ya mkate aliposikia wanawake wawili mbele yake. "Masikini Huguette, kichwa kimeanza kumtoka. Kapoteza zumari ya watu." Walipogeuka na kumwona, mmoja akamshika mkono kwa huruma. "Pole, mwanangu. Ni umri."

Naye Josiane akajibu, "Ndiyo. Ni umri."

Hili ndilo linalomuuma kuliko yote, Mama. Kunyamaza jikoni kwa Bwana Fauquet kulimjia ghafla, na anaweza kujitetea kidogo. Lakini kwenye foleni ya mkate alikuwa na nafasi ya kufikiri, akafikiri, akakuuza tena.

Bendi za jirani zikaacha kukuletea hata kazi ndogo za mkono. Hakuna aliyekuja kukuambia kitu. Waliacha tu kuja. Ulikuwa ukikaa karibu na dirisha lenye mapazia ya bluu, na gari likipunguza mwendo barabarani ulinyanyua kichwa.

Mwezi Novemba ulimwambia Didier akupeleke kwa Roland Picot, fundi mwenzako wa mwisho wa barabara. Didier alidhani amesikia vibaya. Wewe na mzee Picot hamkuwa mmevuka kila mmoja kizingiti cha mwenzake tangu tukiwa shule ya msingi, kwa sababu ya jambo fulani la maonyesho na medali ambalo hakuna kati yetu aliyelielewa.

Picot alikuwa na koti lake la kazi, miwani kwenye paji la uso. "Nani huyu? Umekuja kuniibia siri zangu, Huguette?"

"Siri gani? Zumari zako zinalia kama mlango wa zizi."

"Na bado zinauzwa."

"Kwa wenye mazizi."

Didier alikuwa akitafuta pa kujificha. Picot akatazama fremu yako, akasogeza kiti kirefu mbele ya kerezo lake. "Keti basi. Ukiniharibia kisu, utanitambua."

Ulifanya kazi kwa Picot majira yote ya baridi, kila siku baada ya chakula cha mchana. Vyuma vyake havikuwa vya Baba. Ulilazimika kupanua tundu kidogo, kupima, kupuliza, kukwangua, kupima tena, ukitafuta kwa sikio kile ambacho zamani mkono ulikipata wenyewe. Kipande cha kwanza kilipasuka. Cha pili sauti yake ilikuwa nyembamba mno. Cha tatu Picot alisema kinafaa, wewe ukakikata vipande viwili kwa msumeno mbele yake ili usije ukashawishika. Yeye ndiye aliyetusimulia, baada ya mazishi, kwamba ulikuwa ukisimamisha mashine na kushika ukingo wa benchi kwa mikono miwili mpaka maumivu ya nyonga yapite, kisha unaiwasha tena bila neno. Cha nne kilipokwisha, Picot alikipuliza, akakurudishia. "Si kibaya," alisema, na kwa Picot hiyo ni hotuba.

Bwana Fauquet alikipokea mlangoni. Hakukukaribisha ndani. Alisema asante akafunga mlango.

Tangu siku ile hakukusalimia. Katika chakula cha sikukuu ya Mtakatifu Sesilia, msimamizi wa wanamuziki, bendi zote zilipokutana, alikaa akakupa mgongo, na watu wakaona. Ulimaliza sungura wako na viazi, ukaomba pai ya matufaha, ukampelekea mpishi salamu. Josiane, kando yako, alisukuma sahani yake mbali.

Alikuletea supu kila Alhamisi. Kila Alhamisi alikuja na maneno, na kila Alhamisi akarudi nayo. Wiki ya mwisho alijikaza. "Mama, lile jambo la Bwana Fauquet..."

"Supu umeitia chumvi mara mbili."

"Mama, nisikilize."

"Mara mbili, Josiane."

Mpaka leo hajui kama ulikuwa unamwondolea mzigo au unamkatalia kuutua. Sisi wengine tunamwambia ulikuwa umemsamehe. Yeye hujibu kwamba hatukuwepo.

Siku ya mazishi bendi ya Ivry ilikuja kukupigia, na kiti cha zumari kilikuwa kitupu.

Wiki ya Pasaka iliyopita tulikuwa mezani kwa Josiane. Mjukuu wako Maëlle alikuwa karibu kusafiri na klarineti aliyoazimwa chuoni, akasema kwa utani, "Lazima niishike vizuri, nisije nikaipoteza kama Bibi." Watu wakatabasamu. Josiane aliweka uma chini. Alimwambia mtoto kila kitu, tangu barafu hadi kalenda ya paka, na alipomaliza nyama ilikuwa imepoa na Maëlle alikuwa analia. "Kwa hiyo Bibi alijua watu wanamcheka," alisema, "na nyinyi mlijua."

Jumanne iliyofuata Josiane alikwenda Ivry peke yake. Bwana Fauquet alikuwa akimenya viazi. Alimsikiliza mpaka mwisho, kisu mkononi, ganda moja refu likining'inia.

"Nilikuwa navuka barabara nisikutane naye," alisema. "Mtu niliyemjua miaka sitini. Navuka barabara."

"Ni kosa langu, Bwana Anselme."

"Ni lako. Usidhani nitakubishia." Akakata ganda. "Na langu. Kile kipande chake, nilikijaribu siku ile ile alipokileta, baada ya kufunga mlango. Ile noti ya chini kabisa, iliyomsumbua Rémi, ilitoka yenyewe, laini. Bora kuliko cha zamani. Nilitaka kumfuata barabarani nimwambie. Nilijikaza kwa hasira nikakaa." Hakumtazama Josiane tena. "Ungekuja mwaka jana, binti. Hata Septemba ungenikuta ninaye wa kumwambia."

Josiane aliaga, akatoka. Alikaa kwenye gari nje ya nyumba ile mpaka alipoweza kuona barabara.

Basi tunasema hapa, waziwazi, kwa majirani wa foleni ya mkate, kwa wanamuziki wa bendi zote za bonde, na kwa kila ajuaye jina la Toutain: Huguette hakupoteza kitu. Katika miaka sitini ya kazi hakupoteza hata skrubu ya mteja. Akili yake ilikuwa timamu mpaka asubuhi ya mwisho. Kipande cha Rémi Fauquet tulikitoa sisi wanawe, kwa kutojua, na tukamwachia yeye aibu yake, kwa kujua.

Mama, tunaukumbuka ukali wako na vichekesho vyako. Tunakumbuka ulivyokataa kumcheka mtu aliyeleta filimbi mbovu ya bei rahisi, ukaitengeneza kwa saa zile zile ambazo ungeipa zumari ya bwana mkubwa. Tunakumbuka ulivyotuita chakula cha mchana kwa kugonga bomba na tupa. Mengi tungependa kukuuliza, ya kazi na ya moyoni, na hatuna tena wa kumuuliza.

Wanaokukumbuka kwa mapenzi na majuto ni wanao Josiane na Didier. Mjukuu wako Maëlle. Jirani na mpinzani wako Roland Picot, anayesema bado zumari zake zilikuwa nzuri kuliko zako. Na Bwana Anselme Fauquet wa Ivry, aliyetuandikia barua kuomba jina lake liwekwe pamoja na majina ya familia.

Hutatutoka moyoni siku zote tutakazoishi. Tumechelewa, Mama, lakini tumesema.